Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi



Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo kwa kutukejeli, si kwa kutufundisha tuamini hivyo. Sisi wa Tabora hatuna kisingizio cha kutouelewa msemo huu, maana mji wetu umekuzwa na mizigo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa na kuelekea Ujiji, ilisimama juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alipatana ujira na posho kabla ya kujitwika, na alipodhulumiwa aliutua mzigo njiani. Hakuna aliyethubutu kuuita ujira wake sadaka.

Juma hili nataka tuutazame mzigo usioonekana begani, ambao aliyeubeba hawezi kuutua: kiwewe cha vita, na madai ya fidia ambayo mwenye kiwewe huyafuatilia mwaka hata mwaka, mpaka kifo kinamkuta mlangoni pa ofisi.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Pamoja na askari wa Jeshi la Wananchi walikwenda maelfu ya mgambo, watu waliotoka mashambani, viwandani na maofisini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi Juni vita vikaisha. Waliokufa tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na makaburi yao yapo Kaboya. Ni vyema. Lakini waliorudi wakiwa hai? Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anaelekea 70. Mara kwa mara tumewasikia wazee wa vita hivyo wakidai stahili zao hadharani. Mgambo aliyerudi kwenye jembe lake, asiye na miaka ya utumishi wa kudumu, hawezi kuegemea pensheni ya kawaida. Kilichobaki kwake ni kuthibitisha kwamba aliumia. Na aliyeumia rohoni na akilini huulizwa maswali matatu. Nayatazama moja baada ya jingine, kwa sababu yote matatu yanafanana na haki, wakati siyo haki.

Swali la kwanza: «Karatasi yako iko wapi?» Ndugu zangu, kuna kisa kinachosimuliwa kutoka Mwanza. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kulipa malimbikizo ya askari Waafrika waliopigana chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck mpaka mwaka 1918. Wazee wapatao 350 walijitokeza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Inasemekana mlipaji alimpa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride. Hakuna aliyeshindwa. Tafakarini jambo hili. Miaka 46 ilikuwa imepita, karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini mwili ulikuwa haujasahau amri hata moja. Sasa nauliza: ikiwa mwili hutunza gwaride kwa miaka 46, kwa nini tunashangaa ukitunza mlipuko, kilio na harufu ya damu? Mzee anayeruka kitandani radi inapopiga hafanyi maigizo. Huo ndio ushahidi wake.

Tena, karatasi za jeshi hazitunzwi na mkulima wa Sikonge wala wa Urambo. Orodha ya walioitwa, vikosi walivyopangiwa na mahali walipopelekwa viliandikwa na aliyewaita. Kumtaka aliyeitwa athibitishe kwamba aliitwa ni kumtwisha mtu mmoja mizigo miwili.

Swali la pili: «Mbona hukusema mwaka 1979?» Jibu ni jepesi. Ugonjwa huu uliingizwa kwa jina lake la sasa katika kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, yaani mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka. Ni daktari gani wa kikosi angeandika katika faili jina ambalo lilikuwa halijatolewa? Aidha, madaktari wanakubali kwamba dalili zake, yaani ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, hasira za ghafla na kukwepa kila kinachokumbusha vita, huweza kuchelewa miezi au hata miaka. Kutaka malalamiko ya mwaka 1979 ni kutaka mavuno ya shamba ambalo lilikuwa halijaota.

Swali la tatu halitamkwi kwa sauti: «Mbona mikono na miguu yako ni mizima?» Swali hili lina ukoo wake, na ukoo huo si wa heshima. Dakta J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari huko Nairobi nyakati za ukoloni, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kwa mafundisho ya namna hiyo, huzuni ya Mwafrika ilionekana ndogo na jeraha lake la akili likaonekana porojo. Wakoloni wameondoka. Je, ni haki sisi kumtazama baba yetu kwa miwani waliyoiacha mezani?

Wapo watakaosema: «Padri, tukilegeza masharti, waongo watajaa.» Hoja hii nastahili kuijibu kwa heshima. Ni kweli waongo wapo. Lakini mwaka 2010 Marekani, nchi isiyotapanya fedha zake kwa huruma, ilibadili kanuni yake. Mkongwe anayedai kiwewe kilichotokana na hofu ya adui halazimiki tena kuleta hati ya tukio lenyewe. Neno lake latosha iwapo linaafikiana na mahali na mazingira ya utumishi wake, na daktari wa akili akathibitisha. Si kwamba mlango umeachwa wazi. Ufunguo umehamishwa kutoka karatasi ambayo haipo kwenda kwa daktari na kumbukumbu za jeshi ambazo zipo. Kwetu tunashindwa nini?

Wengine watasema nchi ni maskini. Dawa ya deni ni kulipa, na umaskini hupunguza kiasi, haufuti deni. Tena tuwe wakweli: ucheleweshaji nao ni njia ya kutolipa. Hapa Tabora kambi ya askari iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma uliotekwa na askari wa Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1944. Jina la ushindi lilipachikwa upesi. Lakini ilikuwa mwaka 2018 ndipo Uingereza ilipotangaza msaada wa karibu paundi milioni 12 kwa wakongwe maskini wa majeshi yake ya kikoloni na wajane wao, ili waweze kupata milo miwili kwa siku. Miaka 73 baada ya vita! Wangapi walikuwa wamebaki kuila? Rufaa isiyojibiwa mpaka mdai afe imekwisha kujibiwa. Jibu lake ni hapana, ila hakuna aliyetia sahihi.

Wapendwa, nisiielekeze fimbo ofisini peke yake. Na sisi tumo. Mzee anayepiga kelele usiku twasema ana mapepo. Anayekunywa ili alale twamwita mlevi, na mkewe twamwambia avumilie. Tumempelekea maombi, na maombi ni mema. Lakini ni wangapi tumempeleka hospitali? Eliya, alipochoka na mapambano akaomba kufa chini ya mti, hakukemewa. Alipewa usingizi, mkate na maji, kisha safari ikaendelea.

Basi jumuiya zetu ndogo ndogo zifanye mambo manne. Kwanza, kila jumuiya imtambue mzee wake wa vita na impeleke kwa daktari, Kitete kwanza, na akielekezwa Mirembe, Dodoma, asiende peke yake. Maelezo ya daktari yawe kwa maandishi. Pili, waliokuwa naye vitani na ambao bado wako hai waape kiapo cha maandishi mapema, kabla nao hawajaondoka. Tatu, barua yoyote ipelekwe kwa nakala mbili, na nakala moja irudi nyumbani ikiwa imegongwa muhuri wa mapokezi na tarehe. Nne, watafutwe wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Na kwa wenye mamlaka tunasema kwa adabu, bila kunong'ona: fungueni kumbukumbu zenu wenyewe, wekeni siku ya mwisho ya kujibu kila rufaa, na mpeni mdai posho ya kujikimu wakati mnatafakari.

Yule mjane wa Injili ya Luka hakushinda kwa sababu kadhi alikuwa mwema. Alishinda kwa sababu hakuacha kurudi. Lakini mjane yule alikuwa na nguvu za kurudi, na wazee wetu zinawaishia. Mwaka huu turudi nao, na wasipoweza kwenda, tuende kwa niaba yao.

Tafakari njema.