Kiitikio Kilichorudi Nyumbani

Mhakiki aliyeandika kwamba wimbo "Petit Pays" ("Nchi Ndogo") wa Gaël Faye si shairi, eti ni rapu iliyochanganya lugha, ametumia kibaba kisichofaa. Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama Mnyarwanda, baba Mfaransa. Beti ni za Kifaransa. Kiitikio kinaimbwa kwa Kirundi. Kifaransa huhitaji neno la pembeni kusema nchi ni ndogo, ilhali Kirundi huutia udogo ndani ya jina lenyewe, pamoja na mapenzi, kama tusemavyo "kajumba ketu". Hapo ndipo utoto unaposikika. Mhakiki atajibu kwamba mchanganyiko huficha udhaifu wa ufundi. Lakini hapa Masaka, Kigali, mtoto huongea Kinyarwanda nyumbani na kusomeshwa kwa Kiingereza. Shairi la lugha moja lingemsingizia. Tena vita vilimtoa Faye Burundi mwaka 1995, na mizani kamili ingeuziba ufa ulioachwa na kuondoka huko.