Matokeo hayabadiliki, mbona tovuti inazidiwa?

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa tu, simu za nyumba nzima zinaelekea sehemu moja. Ukurasa unazunguka, bando linaliwa, mzazi anabonyeza tena na tena. Lawama zinaenda kwa kampuni ya simu, ila mara nyingi mzigo uko kwingine: kwenye hifadhidata inayoulizwa swali lilelile maelfu ya mara.

Matokeo yakishatoka, hukaa miezi bila kuguswa. Shule ikiwa na watahiniwa 120, na kila mmoja anatafutwa na ndugu watano, hifadhidata inapekuliwa mara 600 kuleta orodha ileile. Ya nini? Dawa yake ni akiba: ukurasa unaandaliwa mara moja, nakala inawekwa tayari, kila anayekuja anapewa hiyo hiyo. Mama ntilie naye hawashi moto upya kwa kila sahani ya wali.

Tanzania ina nafuu hapa. NECTA hutoa ukurasa mmoja kwa kila shule, wenye namba za watahiniwa wote, kwa hiyo nakala moja inawatosha watu kibao. Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya huingiza namba yake ya mtihani na jina, kisha huona matokeo yake peke yake. Mfumo wa namna hiyo ukiwekewa akiba ovyo, mtu anaweza kufunguliwa ukurasa wa mwingine.

Si hofu ya bure. Desemba 25, 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam lilikuwa likishambuliwa mtandaoni, na akiba yake ikapangwa vibaya katika kujihami. Wateja wakaanza kuona kurasa za wenzao, zikiwemo anwani na historia ya manunuzi. Valve, kampuni inayomiliki Steam, ilisema walioguswa ni takriban 34,000.

Lakini kwa matokeo ya mtihani, kazi ngumu zaidi ni kujua nakala ifutwe lini. Kuna rufaa, na kuna matokeo yaliyozuiliwa ambayo baadaye huachiliwa. Alama ikirekebishwa kwenye hifadhidata huku nakala ya zamani ikiendelea kusomwa, kijana anaweza kufika chuoni na daraja jipya wakati afisa udahili anatazama la zamani. Kusubiri akiba iishe muda wake yenyewe hakutoshi. Programu inayobadilisha alama ndiyo inayopaswa kufuta nakala papo hapo.

Hata hivyo, nakala iliyo kwenye seva inafutika, iliyokwisha kuingia kwenye simu ya mtu hairudishwi. Ndiyo maana mafundi makini huipa seva muda mrefu, hata siku nzima, na simu dakika chache tu.