Na Huku Kwetu?

Vijana wetu walio chuo kikuu hurudi likizo na habari za ubaguzi wa rangi: utumwa, makaburu wa Afrika Kusini, mateso ya Weusi Marekani. Sisi hutikisa vichwa kwa uchungu. Kisha wanatuuliza: na huku kwetu?

Ni huku, Shinyanga na Geita, walikouawa ndugu zetu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mmoja. Mahakama ilinena, sisi waumini tulinong'ona. Watoto wakapelekwa kituo cha Buhangija wapate usalama, mbali na majirani waliobatizwa.

Tusilaani ubaguzi wa ng'ambo huku tukificha wetu. Anayemwendea mganga tumkemee, hata akiwa mchangiaji mkubwa. Dhahabu ya damu isiingie katika kapu la sadaka.