Gwaride Nyuma ya Uzio

Limezuka miongoni mwa wazazi, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu, wazo kwamba shule iliyo bora kwa mtoto wa kiume ni ile inayofanana na kambi ya askari: iwe ya bweni, iwe kando ya mji, izungushiwe uzio, baragumu lilie alfajiri, na mwanafunzi asionane na mtu wa nje mpaka likizo. Wenye wazo hilo wakitazama miteremko ya Mlima Meru, kutoka Tengeru kupanda Akheri hadi Nkoaranga, husema kwamba hapa ndipo mahali pake. Hewa ni baridi, maji yapo, na vishawishi vya Arusha vimebaki kule bondeni barabarani.

Mimi nalipinga wazo hilo. Silipingi gwaride. Kijana kuamka mapema, kutandika kitanda chake, kusimama wima na kutii amri iliyo ya haki ni mambo mema, na laiti yangezidi kuwako. Ninachokipinga ni uzio. Au tuseme, ile imani iliyojificha nyuma ya uzio, kwamba mahali shule ilipo ni hewa na maji tu, na kwamba watu wanaoishi hapo ni vishawishi.

Hatuna budi kujiuliza imani hii imetoka wapi. Haikutoka kwa jeshi letu. Imetoka kwa jeshi lile la wakoloni, ambalo askari wake aghalabu alipelekwa kukaa mbali na kwao ili siku akiamriwa kupiga asimpige ndugu yake. Kambi kubwa ya Dar es Salaam iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako kikosi cha King's African Rifles kilipigana mwaka 1941 kwa ajili ya Uingereza. Basi Mtanganyika alilala, akaamka na akapiga saluti chini ya jina lisilomhusu. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi hiyo waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi lile likavunjwa. Lililoundwa mwezi Septemba mwaka huo huo halikuitwa jeshi la mfalme wala jeshi la mkuu yeyote, bali Jeshi la Wananchi. Kambi nayo ikaja kuitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Angalieni, walimu: jambo mojawapo lililofanywa na taifa huru katika kuligeuza jeshi lake ni kulipa kambi jina la mahali penye historia yetu.

Na kabla ya hapo, tangu Julai 1963, lilikuwako Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kijana alishika jembe kwa mkono ule ule ulioshika bunduki. Walioupitia wajibu huo kwa mujibu wa sheria ya 1966, kabla haujasitishwa mwaka 1994, wanajua kwamba walifundishwa kulima pamoja na kulenga shabaha. Wajibu huo ulirejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo anayetaka shule ya kijeshi kwa desturi ya Tanzania hataki uzio, hata kama mwenyewe hajui. Anayetaka uzio anataka Colito.

Sasa tuitazame Akheri yenyewe, maana ndiyo tunayoambiwa kuwa ni hewa safi tu.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru. Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Moshi, aliongoza kisasi: watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ikateketezwa. Mwaka 1900 ikajengwa boma ya Arusha kwa kazi ya shuruti ya wenyeji. Boma hiyo imesimama hadi leo na ni makumbusho. Kanisa lilirejea mwaka 1902 na kuweka kituo Nkoaranga. Je, kijana afundishwaje kupiga kwata juu ya udongo huu bila kuambiwa kwamba gwaride la kwanza walilolisikia babu za jirani zake lilikuja kuchoma migomba yao?

Shuka kidogo hadi Tengeru. Kuanzia mwaka 1942, karibu na ziwa Duluti, walikaa wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamefukuzwa kwao na vita vya Ulaya. Makaburi yao yapo. Nawajua watu wazima waliosoma jirani na makaburi hayo miaka minne na hawakufika hata siku moja, kwa kuwa yalikuwa "nje ya mpaka". Wakaikariri Vita Kuu ya Pili kutoka ubaoni!

Kisha uko upande wa pili wa mlima, Engare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa mbele ya macho ya askari. Wameru hawakujibu kwa mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hiyo ndiyo nidhamu: watu walionyang'anywa kila kitu kujizuia, kuchanga na kwenda kujieleza mbele ya dunia. Nidhamu ya namna hiyo haikufundishwa kwa filimbi, na wajukuu wa waliochanga wanaishi hatua chache kutoka kwenye lango la shule.

Nitaambiwa kwamba pasipo uzio wavulana watatoroka kwenda kunywa mbege, na wezi wataingia kuiba magodoro. Wezi wapo, sikatai. Lango lifungwe usiku. Lakini mvulana anayetoroka usiku mara nyingi ni yule asiyekuwa na njia ya kutoka mchana. Jirani naye asiyejua jina la mwanafunzi hata mmoja hana sababu ya kumkemea amwonapo kilabuni. Mwalimu Nyerere, aliyesoma bweni pale Tabora, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule zetu zinamtenga mwanafunzi na jamii anayoandaliwa kuitumikia. Nusu karne na zaidi imepita, na sisi tunazidi kununua seng'enge.

Basi mchakamchaka wa alfajiri upite vijijini, na wanafunzi wawaamkie wazee wanaokutana nao njiani. Mshili aalikwe mbele ya gwaride aeleze asili ya majina ya mito wanayoivuka. Mwalimu wa historia apewe Ijumaa moja kila muhula awapeleke Duluti na kwenye boma ya Arusha. Na siku majirani wanapozibua mfereji ambao maji yake shule nayo inayanywa, kikosi kizima kishuke na majembe, bila baragumu.