Chaja ya magari ijengwe Mombo, siyo Lushoto mjini

SOKO la magari na pikipiki za umeme nchini limeanza kuchangamka, na wapo wenye mitaji wanaojiuliza vituo vya kuchaji vijengwe wapi nje ya Dar es Salaam. Kwa upande wa milima ya Usambara, jibu la haraka huwa ni Lushoto mjini, kwenye ofisi, hoteli na watalii. Jibu hilo ni la hasara.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona tupu kupitia Soni, na gari hupanda takriban mita 1,000. Pikipiki pamoja na dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 300, hutumia karibu uniti 0.8 ya umeme kwa kuinuliwa tu kimo hicho, mbali na msuguano wa barabara na upotevu ndani ya mota. Gari dogo la kilo 1,800 hutaka karibu uniti 5. Anayetoka Dar es Salaam hufika Mombo akiwa ametembea zaidi ya kilomita 300. Hapo ndipo betri inapokuwa imelegea, na hapo ndipo mlima unapoanza.

Juu mambo hugeuka. Gari la umeme likiteremka, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuipokea. Mteja anayejaza asilimia 100 Lushoto kisha akaanza kushuka amenunua umeme ambao sehemu yake mlima ungempa bure, na bado atazichosha breki za kawaida hadi Mombo.

Biashara ya wilaya hii nayo huelekea chini. Kabichi, karoti na viazi vya Lukozi na Malindi huteremka kwa Fuso (lumbesa ikiwa palepale, sheria au hakuna sheria), na gari hupanda likiwa jepesi. Huko Uswisi, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji karibu na Biel, lori la umeme linaloitwa eDumper hushuka na mawe, na umeme linaouzalisha njiani hutosha kulirudisha juu likiwa tupu. Hapana anayedai kwamba kabichi itafika Kariakoo kwa mtindo huo. Barabara ya Korogwe hadi Chalinze haina mteremko wa kugawa. Ila kwa gari la kukusanya mazao milimani na kuyashusha Mombo, hesabu inavutia.

Kuhusu bei, mteja wa kawaida wa TANESCO hupata takriban uniti 28 kwa shilingi 10,000. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita katika 2024. Faida ipo, lakini inaweza kuliwa yote na mwenye chaja. Kituo cha mafuta hubandika bei kwenye ubao, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kwenye chaja, mteja anaweza kuchomeka kwanza na kuijua bei baadaye, tena kupitia programu ya simu ya kampuni moja, wakati pesa zake ziko M-Pesa. Huo si utaratibu wa biashara. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri katika 2023, nafuu zaidi saa ambazo matumizi ni madogo, na mwaka huohuo ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri.

Liko pia suala la plagi. Nissan Leaf iliyotumika ya Japani huja na soketi ya aina yake, gari la China na lake, la Ulaya na lake. Dereva anaweza kusimama mbele ya chaja nzima, yenye umeme, asiambulie kitu. Akikimbilia soketi ya ukutani ya ampea 13, betri ya uniti 40 itachukua zaidi ya saa 13. Huyo atalala, apende asipende, na hapo hoteli za Lushoto zina lao la kufanya: chaja za polepole za usiku kwa wageni wao, basi.

Chaja ya haraka ya kilowati 50 peke yake huimaliza transfoma ya kVA 50, ya aina inayoonekana sana vijijini. Kwa hiyo mwekezaji atakayefika Mombo aanzie ofisi ya TANESCO kabla ya kununua kiwanja, aulize ni transfoma gani iliyo karibu na nani atalipia kubwa zaidi. Wateja hawahitaji kutafutwa: mabasi ya Arusha na Moshi yamezoea kusimama ukanda huo, watu wakala, na nusu saa ya chakula ni nusu saa ya kuchaji.