Dhahabu Isiyopimwa kwa Mizani

Tangu Machi 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, Watanzania tumeridhika na fasili moja ya kuongeza thamani ya dhahabu: kuisafisha hapa hapa nchini. Kiwanda kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021 ni tunda la fasili hiyo, wala sikibezi. Ila fasili yenyewe ni finyu.

Sisi tuliosoma kemia zamani tulifundishwa kuwa dhahabu ni metali mvivu. Haishiki kutu, hewa haiidhuru. Katika miaka ya 1980, Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba ikigawanywa hadi chembe za nanomita chache (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), mvivu huyo hugeuka kichocheo hodari. Baadaye Laura Prati na Michele Rossi, wa Chuo Kikuu cha Milano, walizipachika chembe hizo juu ya kaboni, wakazitia katika maji ya glukosi yenye alkali kidogo na kupitisha oksijeni. Sukari ikawa asidi ya glukoni. Zao hilo huingia katika dawa za kuongeza madini ya chuma na kalsiamu mwilini, na chumvi yake huchelewesha zege kuganda. Kaboni hapo si sinia tu: chembe zikikosa pa kushika, hugandamana upesi na nguvu yake huisha.

Najua atakayesema, "Vyote tunavyo!" Kweli, dhahabu iko Geita, miwa iko Kilombero na Mtibwa, na wanga wa muhogo nao hutoa glukosi. Hata mkaa wa vifuu vya nazi, wenye vitundu visivyohesabika, ndio unaonasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi migodini. Lakini kichocheo cha namna hii aghalabu huwa na takriban gramu 1 tu ya dhahabu katika kila gramu 100. Kiasi hicho maabara yoyote hununua; Milano hawakuhitaji mgodi. Thamani imo katika kujua namna ya kuzizuia chembe zisikue, na katika darubini ya elektroni ya kuzitazamia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alitengeneza chembe zake mwenyewe, kwa vifaa vya kuazima. Ili kujua ukubwa wake, ilibidi sampuli zipelekwe ng'ambo kwa bahasha, na picha zilirudi baada ya miezi minne, muda wa utafiti wake ukikaribia kwisha. Makontena tuliyapigia kelele nchi nzima. Bahasha ile hakuna aliyeiuliza.

Sheria ya 2017 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6. Wabunge wangetenga sehemu yake, japo ndogo, kwa jina na kwa kifungu cha sheria, inunue darubini hizo na kuwalipa mafundi wa kuzitunza. Nasisitiza mafundi, kwa kuwa mashine zilizofunikwa vitambaa maabarani tumeshaziona za kutosha.