Siku ya Mapumziko Si Ruhusa ya Kupiga Kura



Wako wasemao kwamba shauri la watumishi wa Serikali na upigaji kura limekwisha. Husema: Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza tarehe 27 Novemba, 2024, siku ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, kuwa siku ya mapumziko, akafanya vivyo hivyo kwa tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Zote mbili zilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Basi mwataka nini tena?

Twajibu kwamba twashukuru, lakini shauri halijakwisha. Sikukuu hufunga mlango wa ofisi. Haimfungulii kila mtumishi njia ya kwenda kituoni. Karani wa masjala hufunga kabati lake jioni, na kesho yake yu huru. Je, muuguzi wa zamu? Je, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi wa bohari, na fundi wa mtambo wa maji? Kwao sikukuu ni siku ya kazi kama nyingine. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aingiaye zamu saa 1 na kutoka saa 9 amebakiwa na saa moja ya kuvua sare, kutafuta usafiri na kufika kituoni. Ibara ya 5 ya Katiba yampa kura yake. Apangaye zamu aweza kumnyang'anya kwa kalamu, pasipo hata kukusudia.

Tena yuko aliyehamishwa. Kwa kawaida mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Katika kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kwa ajili ya uchaguzi wa 2025, siku zilizopewa mkoa zilikuwa 7. Aliyeandikwa Itigi, kisha siku hizo zikapita, ndipo akaletewa barua ya kuhamia Nduguti, afanyeje? Itampasa auvuke mkoa toka kaskazini hadi kusini, akapige kura na kurudi, kwa nauli yake, na kesho yake saa 1 na nusu awe mezani. Twamjua mwenzetu mmoja aliyeomba siku mbili kwa sababu hiyo. Mkuu wake akamjibu, "Serikali imekwisha kukupa sikukuu, ndugu yangu, ya pili ni ya nini?" Akakaa, na kadi yake ikakaa sandukuni.

Wasomaji wetu wakumbuke tulikotoka. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, na Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingizwa 1945 kwa kuteuliwa, si kwa kura. Ulipofika uchaguzi wa 1958 na 1959, kura ilipimwa kwa mapato, kwa elimu au kwa kazi, hata karani na mwalimu wakawa miongoni mwa wachache waliostahili. Nao walikuwa wamekatazwa kuwa wanachama wa TANU. Midomo yao ilifungwa. Karatasi ya kura ndiyo waliyoachiwa. Hata leo mtumishi ana mipaka yake: hafanyi siasa mezani pake, wala hahubiri chama kwa raia anaowahudumia. Twakubali, ni haki. Lakini aliyetakiwa kunyamaza mwaka mzima asikoseshwe ile siku moja ya kusema kwa siri.

Twajua kwamba tarehe 29 Oktoba, 2025, iliharibiwa na machafuko na vifo, na wengi wana maswali mazito kuliko haya ya zamu. Lakini haki iliyo ndogo haina sababu ya kungoja kubwa zitimizwe kwanza.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, zamu za siku ya uchaguzi ziandikwe mapema na kubandikwa ukutani, kila mtumishi akionyeshwa saa yake ya kwenda kituoni na jina la atakayemshikia kazi. Pili, apewaye barua ya uhamisho akumbushwe mara moja kuhamisha taarifa zake, na apewe nafasi ya kufanya hivyo siku za kuandikisha. Tatu, ambaye uhamisho umemkuta siku hizo zimepita apewe siku ya kwenda na siku ya kurudi, zisikatwe katika likizo yake wala katika mshahara.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Wako miongoni mwetu ambao sikukuu huwakuta shambani wakiwahi mvua za kwanza, au kilabuni, au kitandani, kisha jioni ndio wa kwanza kulaumu waliochaguliwa. Hao hawakunyimwa ruhusa na mtu. Tukidai saa, tuzitumie.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mtumishi aliye zamuni hakosekani kwa uvivu. Ametumwa na Serikali yenyewe. Yeye aliyemtuma ndiye apaswaye kumpa nafasi ya kuwapo.

Sisi wenzenu katika kazi.